Nani Atashika Mkebe?

Ngamiani, Tanga
9 Februari 2025

Mke mwenzangu,

Sauti uliyoituma kwenye simu ya mjomba wako nimeisikiliza mara tatu. Mara mbili kwa furaha, na mara ya tatu kwa sababu muadhini na bajaji vilinipita pamoja nikapoteza maneno. Huku hatujambo, ila joto la kaskazi halituachi kulala, na goti langu la kushoto siku hizi lina tabia zake. Nimeona nikujibu kwa barua. Sauti ya simu mtu huisikiliza huku anatembea. Barua itabidi ukae.

Umesema wewe na wenzako kumi na wawili mnaanzisha mradi wa muziki na ngoma, muanzie Pangani na kumalizia hapa mjini, Tangamano, tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Mradi wa kusherehekea uwezeshaji wa wanawake. Umeniomba nyimbo za zamani za lelemama, na umeniomba radhi zangu. Radhi unazo tangu ulipozaliwa na ukamrithi babu yako pua. Nyimbo tutazungumza. Lakini katika dakika zako nane za maelezo, umetaja jukwaa, umetaja fulana, umetaja mgeni rasmi mara nne, na kuna jambo moja sikulisikia hata mara moja: mkebe atashika nani?

Usicheke, kaa nikusimulie.

Mwaka 1978 nilikuwa naimba katika kikundi kimoja cha taarab hapa mjini. Jina silitaji, maana baadhi yao wangali hai tunasalimiana sokoni. Tukaalikwa harusini, nyumba ya barabara za ndani huku Ngamiani. Umeme ulikuwa umekatika, wametundika karabai mbili, na wadudu wanaangukia kwenye pilau. Niliposimama kuimba wimbo wa tatu, mama mmoja mwenye mwili wake akainuka na noti ya shilingi kumi. Hakuja kunipa. Aliiinua juu kwa vidole viwili, akazunguka nayo taratibu, bega hili, bega lile, mpaka akafika mbele ya mwanamke mwingine aliyekaa mkekani, akasimama hapo, akacheza ubeti mzima macho yakiwa kwake. Halafu ndipo akaja kunitunza. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Yule wa mkekani naye akafungua pindo la kanga yake, akatoa ishirini. Basi ikawa vita, mimi narudia ubeti na noti zinamiminika. Nilirudia wimbo ule nadhani mara tano. Kila noti nikiipokea, kijana mmoja anaichukua mkononi mwangu na kuitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa kifuniko.

Alfajiri, mkebe ukaingia chumbani na wapiga vyombo, mlango ukafungwa. Nilikaa barazani na viatu mkononi. Nikaletewa shilingi saba, na pilau ya kubeba. Nikauliza zilizobaki zimekwenda wapi. Nikajibiwa kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Wewe unaimba. Kikundi ni sisi."

Nilipomsimulia marehemu mama yangu, bibi yako mkubwa, alicheka mpaka akashika mlingoti wa kitanda. Akaniuliza, "Ulikuwa unategemea nini? Umeimba katika nyumba ya watu."

Yeye alikuwa mtu wa lelemama. Wewe lelemama umeiona kwenye picha, wanawake wamejipanga mstari, kanga sare, wanayumba kidogo kidogo kama mashua zilizofungwa bandarini, mikono inasema kuliko miguu. Ukaona ngoma nzuri ya taratibu inayofaa kuonyeshwa wageni. Mimi nimeiona kwa upande wa nyuma, nikiwa mtoto ninayetumwa maji, na nakwambia kucheza kulikuwa robo tu ya shughuli. Robo tatu zilizobaki zilikuwa vikao. Kulikuwa na kwini na watu wake walio chini yake, kila mmoja na cheo chake, na kulikuwa na mwenye kutoza faini. Ukichelewa, faini. Ukimtukana mwenzako nje ya wimbo, faini. Ndani ya wimbo ruksa. Mwenzao akifiwa, sanda imepatikana kabla mwenye duka hajaamka vizuri. Akioza binti, masufuria, kuni na watu wa kusonga na kukoroga vimekwisha kugawiwa jioni ile ile. Pwani yote ilikuwa hivyo. Mombasa walikuwa na Banu Saada na Ibinaal Watan, makundi mawili yaliyoshindana miaka na miaka, na mashindano yale yalitaka mtu ajue kuhesabu, kupanga, kushawishi, kutunza siri na kutunza fedha. Waume zao walijua wake zao wamekwenda kucheza. Na kweli walikuwa wamekwenda kucheza.

Nisikudanganye kwamba yote yalikuwa mazuri. Sare iliwafilisi. Wapinzani wakitoka na doti mpya, na ninyi lazima mtoke na doti mpya, na mume anaulizwa fedha ya kanga mwezi ambao hata unga ni wa kukopa. Mama alikuwa na kasha zima la kanga za mashindano, na siku babu yako mkubwa alipouguzwa hatukuwa na nauli. Hili uliweke moyoni, kwa sababu nimesikia tayari mmeagiza fulana.

Sasa nikupeleke Dar es Salaam, mwaka 1955. Nilikuwa sijatimiza mwaka mmoja, nimezaliwa pamoja na TANU. Chama hakijatimiza hata mwaka, akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Wazee wakatazamana. Ndipo akatolewa Bibi Titi Mohamed, hajafika miaka 30, mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwanasiasa hakuwa. Alikuwa na sauti, na alikuwa anajua milango. Bibi Titi hakuitisha semina. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wale makwini na makatibu wa uani, mmoja mmoja, na kila kiongozi akaja na watu wake wote, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuzoea kuitwa, kuchanga na kushika neno. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Wakati huo watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga, wanaume wengi wenye kalamu wamekaa kimya. Wenye pembe na tari ndio waliokwenda. UWT ilipoundwa mwaka 1962, mwenyekiti wake wa kwanza akawa yeye.

Ndiyo maana neno lenu uwezeshaji linanikwama kidogo kooni. Kila mwaka Machi 8 nasikia spika zinasema wanawake wakiwezeshwa wanaweza. Haya, sikatai. Lakini wale wa Bomba aliwawezesha nani? Walikuwa wanaweza siku nyingi, ila uwezo wao ulikuwa unaitwa ngoma, na ngoma ilikuwa inaitwa mambo ya wanawake. Mradi wenu ukitaka kusherehekea kitu, sherehekeeni daftari la kwini. Najua daftari halichezeki.

Kwa kuwa mnaanzia Pangani, jueni mnaingia kwa nani. Pangani ndiko alikozaliwa Shakila Saidi, Bi Shakila wa wimbo ule Macho Yanacheka. Aliimba hapa Tanga na Black Star, halafu Lucky Star, wakati Tanga ndiyo iliyokuwa inaigwa. Black Star waliweka magitaa na besi mahali pa fidla na udi, wakachanganya na mapigo ya dansi, na taarab ile ya Tanga ikasambaa mpaka Mombasa na mpaka Burundi. Baadaye akaimba na JKT Taarab, na akafia Dar es Salaam Agosti 2016. Mimi nilimsikia akiimba nikiwa nimesimama nje ya dirisha na chupa ya mafuta ya taa niliyotumwa, nikasahau nimetumwa nini, nikala viboko. Sauti ile ilikuwa haipandi kwa nguvu, ilikuwa inakusogelea. Ukipata nafasi, wasikilizishe wasichana wako kabla hamjaanza kupiga kelele zenu za kinanda.

Na katika miaka ile yote mwanamke alikuwa mbele na vyombo viko nyuma yake mikononi mwa wanaume. Hata Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu mjini Unguja, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri wakati hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo, wapiga vyombo wake walikuwa wanaume. Maisha yake tunayajua vizuri kwa sababu Shaaban Robert, mtu wetu huyu aliyelala Machui, aliona inafaa kuyaandikia kitabu. Bi Kidude angalau msondo aliupiga mwenyewe, kaubana miguuni. Na Unguja mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani akaanzisha kikundi cha Tausi, wanawake watupu, ganuni wao, fidla wao, udi wao. Imechukua miaka 81 kutoka santuri ya Siti mpaka hapo. Nimehesabu kwa kalamu.

Sasa wewe umeniambia, kwa raha kabisa, "Vyombo watapiga vijana fulani, bibi, wanajua sana." Najua wanajua. Sikwambii uwafukuze. Waite, wape chai, wape haki yao, lakini kila kijana mmoja akae na msichana mmoja ubavuni, tangu mazoezi ya kwanza. Mwezi mmoja hautoshi mtu kujua kinanda. Unatosha kujua dumbaki linapigwa wapi likalia na wapi likakohoa, waya upi unaingia wapi, na spika ikipiga mluzi unashusha kitu gani. Fundi mitambo akiondoka kwa hasira saa mbili usiku, na huondoka, mtajua nilikuwa nasema nini.

Turudi uani kwangu, mwezi uliopita, ulipokuja na wale rafiki zako wawili. Yule mwembamba mwenye kucha ndefu alinifurahisha, ana masikio. Lakini mlipotaka kunionyesha mchezo wenu alijifunga kanga kama anatoka bafuni. Nilimwita, ukumbuke. Kanga inakunjwa kwa urefu, upana wa kiganja, si zaidi. Haikai kiunoni penye tumbo, inakaa chini kidogo, juu ya mfupa wa nyonga. Unavuta mpaka pumzi itoke yenyewe, halafu ncha unaipenyeza ndani. Hufungi fundo, fundo litakuumiza na litafunguka. Ukisimama unahisi mgongo umeshikwa na mtu. Hicho ndicho kibwebwe. Kila mkutano wa hadhara tunaambiwa tujifunge kibwebwe, na wanaosema wengi wao hawajawahi kukifunga, wangejua kinabana wasingekuwa wanakitaja kila dakika.

Umeuliza kuhusu baikoko. Wenzako wamegawanyika, wengine wanasema ndiyo ngoma ya Tanga inayojulikana nchi nzima, wengine wanasema mgeni rasmi atakasirika. Wakubwa wameikemea mara nyingi, hilo kweli. Nami nitakupa maoni yangu, usiyapeleke kwa mjomba wako. Kiuno kinachokatwa kwenye baikoko hakikuanza jukwaani. Mimi nilifundishwa na somo yangu ndani ya chumba, mlango umefungwa, hakuna mwanamume hata wa kupita, na kilikuwa sehemu ya mafunzo mengine mengi: usafi, ndoa, uzazi, namna ya kusema na mume mkali. Msichana alijifunza mwili wake mbele ya wanawake wenziwe, akicheka na kuchekwa. Kikatolewa nje peke yake, bila yale mengine, kikapigwa picha. Sasa wanaokikemea na wanaokishangilia, mara nyingi ni watu walewale, mchana na usiku. Mimi ningekirudisha chumbani kwa siku moja: muwe na alasiri ya wanawake watupu, simu zote kwenye kapu mlangoni, bibi wafundishe, wasichana waulize wanachotaka. Jukwaani wekeni vugo na lelemama, na selo ya Wazigua na mdumange wa Wasambaa mkipata watu, maana Tanga si pwani peke yake na wale wa milimani wamechoka kualikwa kubeba machungwa tu. Wenzako wakikataa ushauri huu, sitanuna. Nitakuja kuangalia baikoko yenu, nitakaa mstari wa mbele pamoja na wazee wanaoikemea.

Tufike kwenye mkebe, sasa umeelewa.

Kabla ya onyesho lolote, nunueni sanduku la makufuli matatu kama la vikoba, na funguo tatu zikae kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Wewe usiwe mmojawapo. Wewe ndiye unayeongea na wafadhili, inatosha. Daftari ashike yule msichana uliyesema ni kijumbe wa mchezo kule Makorora; mtu anayekusanya fedha ya wanawake ishirini kila wiki na hajapigwa bado, huyo ana shahada. Fedha ya kutunza isomwe hadharani baada ya kila onyesho, mbele ya waliocheza, kabla watu hawajabadilisha nguo. Mwimbaji apate fungu lake, mcheza apate lake, mpiga vyombo lake, na fungu moja libaki sandukuni. Mtagombana. Lelemama waligombana miaka hamsini na bado walizikana.

Kisha jiandikisheni kama kikundi, siyo kama tukio. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, mwaka jana ikarudi. Mkienda na katiba, muhtasari na daftari lenye jasho, mtasikilizwa. Mkienda na picha za Machi 8, mtapigiwa makofi. Na kama mnataka kitu cha kukopea, spika zenu wenyewe zinaweza kukodishwa kila Ijumaa na Jumamosi, mji huu haukosi harusi. Fulana hazikodishwi.

Jambo la mwisho, ndilo nyimbo ulizoniomba. Mimi ninazo sita, nzima nne, mbili vipande. Sitakuandikia humu. Wenye nyimbo hasa ni bibi watatu kule Pangani, wawili upande wa mjini na mmoja ng'ambo ya mto, Bweni, kivuko kinakupeleka. Mwenyeji wako wa Pangani anawajua, mwambie umetumwa na mimi. Nenda baada ya adhuhuri, wakiwa wameamka na hawajaanza kupika. Chukua majani ya chai, usichukue biskuti, mmoja ana kisukari na atazila. Simu usiitoe siku ya kwanza. Siku ya pili omba ruhusa, na kabla hujarekodi andika jina la aliyeimba, jina la aliyemfundisha, na mwaka kama anaujua. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake limeandikwa "bibi mmoja wa Pangani". Na wakitunzwa watu jukwaani kwa nyimbo zao, fungu lao nalo lihesabiwe hadharani, lipelekwe na mtu, mkononi, siyo kwa mtoto wa jirani.

Yule wa Bweni atakujaribu. Atakuimbia ubeti wa matusi kwanza aone utaangalia wapi. Usiangalie chini. Cheka, halafu mwombe aurudie.

Nakuletea pembe ya vugo ya marehemu mama, nimeifunga ndani ya kanga ya zamani, dereva wa basi la asubuhi anamjua mjomba wako na atakuachia stendi. Ina ufa mdogo karibu na ncha, usipige hapo. Piga katikati, kwa fimbo niliyoiweka humo humo, siyo kwa kalamu kama nilivyomwona yule mwembamba anafanya. Usiiache juani. Ikikauka sana sauti inakuwa ya mbao. Ipake mafuta ya nazi kidogo, uiache usiku mmoja, asubuhi ipige mara moja tu usikilize.

Mkebe ule wa 1978 sijui uliishia wapi. Kifuniko ninacho. Nilitoka nacho alfajiri ile chini ya kanga, na mpaka leo nafunikia chumvi.

Ni mimi bibi yako,
Tanga